Pale CD Ilipokwama

Kila jioni, akishatoka mashineni, Damasi alisukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi. Hakuwa anaumwa. Alisimama uani na kikombe cha bati, akainua kidevu, maji yakaunguruma kooni mpaka kuku wakasogea pembeni, halafu akatema kwenye shina la mgomba na kujaribu sauti kidogo: "Hee! Hee!" Ndipo akaingia ndani.

Mkewe, Jovita, alikuwa haachi kumchokoza. "Baba Devota, leo unaimba kwaya ya wapi?"

"Natoa pumba tu, mama."

Na kweli pumba zilikuwepo. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga na kukoboa pale Bagara, Babati, tangu ujana wake, na mtu wa mashine anakula unga kwa pua kabla hajaula kwa mdomo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe siku zote, hata kabla mvi hazijafika. Lakini Jovita alijua, na Damasi alijua kwamba Jovita anajua, kuwa yale maji ya chumvi hayakuwa ya pumba. Yalikuwa ya miaka ile sebule yao ilipokuwa ikijaa watu mpaka mlangoni, na watu wote hao wanamsubiri yeye afungue mdomo.

Sasa hakuna aliyekuwa akimsubiri. Akishasukutua aliketi kwenye kochi, upande wake uliobonyea, akatoa simu na kutafuta vichekesho.

Na alivipenda, asikudanganye mtu. Kulikuwa na kijana mmoja anayejifunga kanga na kuigiza mama mkwe aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Kulikuwa na wale wawili wanaogombania kiti kimoja kwenye harusi isiyo yao. Damasi alicheka mpaka akakohoa, akajipiga goti kwa kiganja, machozi yakamtoka. Kisha akageuka huku na huku kutafuta mtu wa kumwonyesha. Sebule ilikuwa na yeye na vitambaa vya makochi. Basi akavaa ndala, akatoka mpaka dukani kwa Elimringi, jirani yake Mmachame anayeuza spea za baiskeli, akamsogezea simu usoni.

"Hebu mwone huyu mjinga. Ona atakavyoanguka."

"Ah, hiyo," Elimringi alisema bila hata kushusha miwani. "Nilitumiwa juzi. Anaangukia kwenye beseni."

Damasi akarudisha simu mfukoni. Mtu akishakwambia kwamba anaangukia kwenye beseni, huna tena cha kumwonyesha. Ndivyo kucheka kulivyokuwa siku hizi. Kila mtu alichekea kwake, na ukimfuata na kicheko chako cha moto unakuta cha kwake kilishapoa.

Zamani haikuwa hivyo.

Zamani mtaa mzima ulikuwa na runinga moja, ile ya chogo, na ilikuwa kwa Damasi. Aliachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa mbali, ambaye hakutaka kusafiri na kitu kizito namna ile. Ilikuja pamoja na deki iliyofunguka kwa kupigwa kofi. Jumamosi mashine ilifungwa mapema, na kabla hata Damasi hajamaliza kuoga, watoto walikuwa wamepanga mstari mlangoni kama wanaosubiri uji wa shule.

Mlangoni alisimama Jovita na beseni la maji. Hakuna aliyeingia bila kunawa miguu.

"Mguu! Na huo mwingine! Wewe Hilary, umekanyaga nini? Vumbi lote la Mutuka umelibeba kwa kisigino?"

"Mama Devota, nilinawa nyumbani."

"Ulinawa ukiwa na viatu? Rudia!"

Wakanawa, wakajifuta kwenye gunia lililotandikwa kizingitini, wakaingia wakiwa wananyata, nyayo zimetakata kuliko nyuso. Watoto walikaa mkekani mbele kabisa, wanawake kwenye makochi na vigoda, wanaume wakasimama nyuma na makoti yao, maana miezi ya baridi upepo wa mlima Kwaraa ulikuwa hauna adabu. Mtu akifika amechelewa alikuta viatu mlangoni vimejaa kama mnadani, akajua picha imeanza.

Picha zenyewe zilikuwa za Kichina. Zilinunuliwa stendi, CD imevikwa nailoni, jina limeandikwa kwa michirizi ambayo hakuna aliyejua inaanzia kushoto au kulia. Siku ya kwanza kabisa watu walitazama kimya. Wazee wawili wa kwenye picha walisimama kwenye mvua, mmoja ana ndevu nyeupe mpaka kifuani, mwenzake ana upanga, wanafokeana. Ndipo Mama Valence, mwanamke wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni, akauliza kwa heshima kabisa:

"Baba Devota, huyu mzee anakasirikia nini?"

Watu wote wakamgeukia Damasi. Hawakuwa wanamtania. Walichukulia tu kwamba mwenye runinga anajua runinga inasema nini, kama mwenye ng'ombe anavyojua ng'ombe wake ana nini. Damasi alimaliza darasa la saba na hapo ndipo shule na yeye walipoagana. Kichina alikuwa hajui hata salamu. Lakini watu wanamtazama, mtoto mgongoni naye anamtazama, na yule mzee wa ndevu amenyoosha kidole kwa hasira.

"Anasema mahindi yake hauzi kwa lumbesa," Damasi alisema. "Gunia lifungwe hapa hapa shingoni. Mambo ya kulivisha kofia, hataki."

Watu wakageuza macho kwenye runinga.

"Na huyu mwenye upanga?" sauti ya mwanamume ikauliza nyuma.

"Huyo si ndiye mnunuzi!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Hakuna mkulima pale ambaye hakuwahi kulazimishwa kushindilia gunia mpaka lifanye kichwa juu, huku mnunuzi akilihesabu kuwa ni gunia moja tu. Tangu dakika ile, kila upanga ulipomkosa mzee wa ndevu, wanaume nyuma walipiga kelele: "Mpe! Mpe kilo zake!" Mzee aliposhinda, mtu mmoja alitoka nje akazunguka nyumba mara moja kwa furaha, akarudi ndani.

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Damasi alisimama pembeni ya runinga, sauti yake ya mashineni ikifika mpaka barabarani, na Wachina wakazungumza mambo ya Babati. Steringi alimposa binti kwa ndoo ya asali. Adui aliingiza mifugo kwenye shamba la mbaazi la watu. Mfalme alikaa kwenye kiti cha dhahabu akilalamika kwamba kiboko wa ziwani amemaliza mchicha wake. Alipokosea na kumpa mtu mmoja majina mawili, watoto walimrekebisha: "Baba Devota, huyo si alikuwa shemeji yake?" Naye hakubabaika. "Alikuwa shemeji. Wameachana." Jovita alijibana mdomo kwa kanga asicheke kwa sauti, maana alikuwa mtu pekee aliyejua wazi kwamba mumewe hajui neno hata moja.

Katika picha zote zile, moja ilikaa mioyoni kuliko nyingine. Waliiita Picha ya Chumvi. Ilikuwa ya mtu mmoja maskini aliyeacha nyumba yake milimani akaenda kufanya kazi kwenye mashimo ya chumvi. Damasi alimpa jina la Gwandu, na hakuna aliyeona ajabu Mchina kuitwa Gwandu. Theluji inaanguka, mkewe amesimama mlangoni, Gwandu amebeba mfuko begani. Anapiga hatua, anageuka, anasema maneno marefu. Halafu anaondoka.

Mara ya kwanza walipofika pale, Damasi alikuwa ameshafungua mdomo aseme neno la kuchekesha. Akamwona Mama Valence. Mumewe, Anselimu, alikuwa ameondoka kwenda Mererani kwenye machimbo, mtoto akiwa hajaota hata jino. Alituma habari mara mbili kupitia watu, kisha habari zikakatika. Mtaa ulikuwa umeshaanza kusema naye kwa sauti ya chini, ile ya msibani, na yeye alikuwa hajaikubali sauti hiyo. Sasa alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Alikuwa akimtazama mwanamke wa mlangoni.

Damasi akameza ule utani.

"Anasema, chakula changu kifunikeni kwa sahani. Nikichelewa, msimpe mbwa. Nitakula."

Ni maneno ya kawaida ambayo mwanamume yeyote anamwambia mkewe akienda shamba. Lakini yalipita pale sebuleni, wanawake wakavuta pumzi, na mmoja akasema taratibu, "Atarudi huyo." Kwa muda mrefu baadaye mtaa uliyafanya kuwa yake. Kijana akipanda basi la Arusha, wenzake walimpigia kelele dirishani: "Sahani tumefunika!"

Tatizo la Picha ya Chumvi lilikuwa moja. CD ilikuwa na mkwaruzo. Gwandu akishamaliza miaka yake mashimoni, akishapigana na maadui, anafika kwenye daraja la kamba. Ng'ambo unaona moshi wa kijiji chake. Anainua mguu akanyage ubao wa kwanza, na hapo hapo CD inakwama. Mguu hewani. Damasi alipiga deki kofi, akaifuta CD kwa shati, akaipulizia pumzi ya moto, ikarudi palepale. Hakuna aliyewahi kuona mbele ya pale.

Kwa hiyo mwisho aliutoa Damasi mwenyewe, huku picha imeganda. Kila mara Gwandu alirudi nyumbani, ila hakurudi kwa namna moja. Jumamosi moja alikuja na ndama. Nyingine alikuja na godoro kichwani, watoto wakampokea njiani na kulipigania. Kuna siku alifika mikono mitupu, akaona aibu, akakaa nyuma ya nyumba mpaka mkewe alipotoka kumwaga maji, yakampata yeye. Watu walibishana wiki nzima ipi ni ya kweli. Mama Valence hakubishana. Alikaa mbele, mtoto amelala mapajani, na Gwandu akifika tu mlangoni alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa ujumbe wake, akaaga, akaenda kulala.

Anselimu hakurudi. Mtoto akatembea, akaenda shule, akaota ndevu.

Na sebule ikaanza kupungua bila mtu kutangaza. Kwanza nyumba ya jirani ikapata runinga yake. Halafu kibanda cha kuonyesha mpira kikafunguliwa karibu na soko. Halafu simu za tachi zikaingia, na wale watoto wa mkekani wakawa vijana wanaotembea na picha zao mfukoni. Hakuna aliyemkosea Damasi. Walimwamkia vizuri tu barabarani: "Shikamoo, Baba Devota." "Marahaba, Hilary. Siku hizi hunawi miguu?" Wakacheka, wakapita. Runinga ya chogo ikafa Jumapili moja kwa mlio mdogo, kama mtu aliyepiga chafya. Jovita akaiwekea kitambaa na maua ya plastiki juu.

Miaka ikaenda namna hiyo, mpaka Devota, binti yao anayefanya kazi hotelini Arusha, aliporudi likizo mwaka huu na boksi refu jembamba kwenye basi. Ndani yake kulikuwa na runinga, nyembamba kama sinia. Fundi aliitundika ukutani, Devota akaiunganisha na mtandao wa simu yake, na sebule ikawa na rangi ambazo haikuwahi kuwa nazo. Jioni ile ile wakaangalia vichekesho pamoja, yule wa kanga akiwa mkubwa kama mtu mzima kweli. Damasi alimtazama binti yake anavyocheka, kichwa nyuma, meno yote nje, akakumbuka alivyokuwa akicheka hivyo hivyo mkekani.

"Baba," Devota alisema, "nina kitu. Nimeitafuta mpaka nimeipata. Ile Picha ya Chumvi."

"Wewe!"

"Nzima, Baba. Mpaka mwisho."

Damasi alisikia furaha, na chini ya furaha kulikuwa na hofu. "Mpaka mwisho wenyewe?"

"Mpaka majina yanapopanda. Nimeshawaambia watu. Jumapili baada ya misa, wote waje, kama zamani. Nilitaka uwaone tena, Baba."

Jumapili ile Damasi alisukutua mchana, mara mbili. Jovita alimwona kupitia dirisha la jikoni na safari hii hakumtania. Alijua mumewe anataka kitu kimoja tu: kusimama tena pembeni ya runinga, watu wamemgeukia, na kuisema picha ile mara moja zaidi. Na alijua anachokiogopa, maana ng'ambo ya daraja palikuwa na mwisho uliotungwa na watu wengine.

Watu walikuja. Hilary, ambaye sasa anaendesha bajaji, alikuja na wanawe wawili. Shomari fundi simu alikuja na soda. Elimringi alifunga duka. Mama Valence alikuja na kitenge chake cha misa, na Valence mwenyewe nyuma yake, kijana mrefu ambaye hukuweza kuamini aliwahi kutosha mgongoni mwa mtu. Waliingia na viatu, wakabanana, wakasalimiana, wakaulizana za shamba na za wagonjwa. Kwa dakika kadhaa kelele zilikuwa zile zile za zamani. Damasi akainuka, akavuta shati, akasogea pembeni ya ukuta.

"Baba, leo wewe pumzika," Devota alisema kwa upendo kabisa, akimshika mkono na kumrudisha kwenye kochi. "Maneno yote wameyaandika chini kwa Kiswahili. Kaa na wewe uangalie, siku zote ulikuwa umesimama."

"Vizuri," Damasi alisema. Chumvi ilikuwa bado kooni. Akakaa.

Picha ilianza. Ilikuwa ile ile na haikuwa ile. Theluji ilikuwa nyeupe kweli, si ya kijivu kama walivyoizoea. Gwandu alikuwa na kovu shavuni ambalo hawakuwahi kuliona. Shomari ndiye aliyekuwa mwepesi wa kusoma, basi akawa anasoma kwa sauti kwa ajili ya wazee, na kila aliposoma, nyumba ilipata jambo jipya. Yule waliyemjua kuwa adui mkubwa alikuwa kaka yake Gwandu. Bibi aliyekuwa akiuza uji alikuwa mganga.

"Baba Devota, ulitupiga changa la macho!" Hilary alipiga kelele. "Miaka yote ile!"

"Nilikuwa nasoma midomo," Damasi alisema. "Mvua ilikuwa kubwa."

Wakacheka, naye akacheka. Haikuwa mbaya. Hata alijisikia kama mtu anayesherehekewa. Kisha wakafika mlangoni kwenye theluji. Gwandu akapiga hatua, akageuka, akasema yale maneno yake marefu, na Shomari akasoma:

"'Usinisubiri. Ukipata mtu mwema, olewa.'"

Halafu Hilary: "Na sahani? Sahani wameikata?"

"Aliyeandika alikuwa ameshiba," Damasi alijibu haraka, na kicheko kikaja tena kikubwa kuliko vyote. Wanawe Hilary, ambao hawakujua wanachekea nini, nao walicheka. Mama Valence hakucheka. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kitenge, na alikuwa akimtazama yule mwanamke wa mlangoni kama mtu anayemfananisha.

Damasi alimwona. Kuanzia hapo hakuisikia tena picha. Alikuwa akihesabu tu mandhari yanavyopita: mashimo, mapigano, moto, mvua. Alijua kinachofuata kila mara. Hatimaye bonde likaja, ukungu, kamba, mbao. Moshi wa kijiji ng'ambo. Gwandu, mzee sasa, akainua mguu.

"Devota mwanangu," Mama Valence alisema, "simamisha hapo."

Devota akabonyeza rimoti. Gwandu akabaki na mguu hewani.

"Kuna nini, mama?"

"Hapo ndipo inaposimama."

Mtu mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Valence aliinama karibu na sikio la mama yake, lakini chumba kilikuwa kidogo na wote walimsikia. "Mama, ile ilikuwa CD mbovu. Hii haina shida. Inaendelea."

"Najua inaendelea. Mimi si mtoto. Nimesema isimame." Akamgeukia Damasi. "Haya, Baba Devota. Leo anakuja na nini?"

Watu wote wakamgeukia. Hicho ndicho alichokitaka tangu alfajiri, na tangu miaka mingi kabla ya alfajiri ile. Damasi akainuka taratibu, akaenda kusimama pembeni ya runinga, ambayo haikuwa na pembeni, ni ukuta mtupu. Akafungua mdomo, na sauti ikatoka safi.

"Gwandu anasimama kidogo. Anajiuliza, hivi nyumba ile bado ni yangu? Magoti yanamuuma. Mfukoni ana kipande cha chumvi alichokiokota siku ya mwisho, basi. Anavuka. Ng'ambo anamkuta binti anachota maji, hamjui. Anamuuliza, binti, kwa mama fulani ni wapi? Binti anamtazama viatu. Anasema, mzee, kwa mama fulani ndiyo kwetu, wewe nani? Na Gwandu, mtu mzima yule, anashindwa kutaja jina lake mwenyewe..."

Wanawe Hilary walikuwa wameinua macho kutoka kwenye simu. Jovita alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, kikombe mkononi, hakumbuki alikuwa anakipeleka wapi. Elimringi alikuwa amevua miwani.

"Baba Devota, samahani," Hilary alisema. Alisema vizuri, mkono kifuani. "Ngoja kidogo tu. Tuone kwanza hii wenyewe wanasemaje, tuhakikishe. Halafu utaendelea."

"Ni kweli," Shomari alidakia. "Mwisho huu tumeusubiri tangu tunanawa miguu."

Devota alikuwa ameshika rimoti kwa mikono yote miwili. Alimtazama baba yake, akamtazama Mama Valence, na Damasi akaona kwamba mtoto wake ameelewa jambo, amechelewa kidogo, na hajui afanye nini nalo.

Ilikuwa nyumba ya Damasi. Angeweza kusema izimwe, na wangezima. Aliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa watoto wake wa mkekani, wamekua, na yule mtu wa darajani walimwacha na mguu hewani tangu wakiwa hawajui hata kufunga vifungo. Wangeachaje kutaka kuona unatua wapi? Yeye mwenyewe angekuwa wao, angetaka. Lakini kulikuwa na mtu mmoja pale aliyeshaupata mwisho wake, na huyo hakuwa na haja ya mwingine.

"Mna haki," Damasi alisema. Akachukua kofia yake kwenye msumari. "Mama Valence, inuka nikusindikize. Nitakumalizia njiani."

Mama Valence akainuka kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa hivyo hivyo. Akajifunga kitenge vizuri.

"Elimringi, twende?"

Elimringi alijikuna shingo. "Ndugu yangu, usinichukie. Mimi nataka kuona."

"Kaa uone."

"Na chai je?" Jovita aliuliza kutoka mlangoni.

"Wape wageni."

Devota akawafuata mpaka barazani, rimoti bado mkononi. "Baba, tukusubiri?"

"Endeleeni, mama. Umetafuta kwa shida. Iangalieni yote." Akamgusa kichwani kidogo, kama alivyokuwa akimgusa akiwa mdogo, akavuka barabara.

Jua lilikuwa bado liko juu. Mama Valence alitembea upande wa ukingo, yeye upande wa magari. Nyuma yao dirisha la sebule lilikuwa wazi, na walisikia vizuri pale picha ilipoendelea: upepo, muziki, kisha sauti ya Shomari ikianza kusoma. Mama Valence akaongeza mwendo.

"Alikuwa ameshindwa kutaja jina," alisema.

"Ameshindwa kabisa," Damasi alisema. "Binti anamwona mzee analia barabarani, anaogopa. Anaacha ndoo, anakimbia kumwita mama yake."

"Mama anatoka?"

"Anatoka. Mikono ina unga, alikuwa anasonga."

"Asikimbie," Mama Valence alisema. "Usimfanye akimbie. Atembee tu."

Damasi alifikiri. "Anatembea," alikubali. "Anajifuta mikono, anatembea."

Wakapita mashine iliyofungwa, wakapita duka la Elimringi, wakakata kona ya kwenda Nakwa, ingawa nyumba yake Mama Valence haikuwa njia hiyo. Damasi alikuwa akiongea kwa mikono yote miwili. Kule nyumbani picha iliisha, majina yakapanda, watu wakaanza kutafuta watoto wao na kuaga. Yeye hakurudi kuiona, wala siku iliyofuata hakumuuliza mtu.